Kipimo kilichotiwa chumvi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazikata. Mkiikata hii, kateni mwanzo au mwisho, katikati muiache, maana huko katikati ndiko iliko chumvi, na chumvi ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Wiki tatu zilizopita mlitutisha. Mliandika kwamba mafuta fulani ya kupikia yamepimwa maabara na kukutwa na kemikali inayohusishwa na saratani, mara tatu ya kikomo. Jumamosi iliyopita mkatutuliza: mafuta yale yale yamepimwa na maabara nyingine, hayana neno, na safari hii mkaweka na picha ya cheti. Mume wangu aliniwekea gazeti mezani akauliza, "Sasa tumwamini nani?" Nikamjibu kwamba hakuna wa kumwamini bado, kwa sababu habari zote mbili hazikusema kilichopimwa ni kitu gani wala kilipimwaje. Akasema, "Haya, umeanza." Akaondoka zake. Basi nimeona nimalizie kwenu.

Mimi ni mkemia. Kwa miaka 17 kazi yangu imekuwa kupima mafuta ya kula yatokanayo na mimea: mawese, alizeti, soya, nazi, mahindi, na mengine yanayokuja kwenye chupa ndogo bila jina, yameandikwa namba tu. Sisemi kwa niaba ya maabara yoyote, na ndiyo maana nimeomba jina langu lihifadhiwe.

Watu wakisikia mafuta "yamepimwa", wengi humwona mtu mwenye koti jeupe akiinua chupa kwenye mwanga. Vipimo vya kila siku havipo mbali sana na hapo. Tunaangalia rangi, unyevu, asidi huru, na namba ya peroksaidi inayoonyesha kama mafuta yameanza kuharibika. Ni vipimo vya maana, sivibezi. Ila vichafuzi vilivyoleta mjadala huu haviguswi na hata kimoja kati ya hivyo. Mafuta yanaweza kuwa maangavu kama maji ya chemchemi, hayana harufu, asidi huru karibu na sifuri, na bado yakawa na mzigo wa kutisha. Na mara nyingine mzigo huo umetokana na ule ule usafi unaotupendeza machoni.

Nieleze. Mafuta ghafi yakitoka kwenye mbegu au tunda huwa na utomvu, rangi, asidi huru na harufu ambazo mnunuzi wa leo hazitaki. Kiwandani huondolewa utomvu, hupitishwa kwenye udongo wa kupaushia, kisha huingia katika hatua ya mwisho, ya kuondoa harufu: mafuta hupashwa moto mkali ndani ya ombwe, yaani chombo kilichonyonywa hewa, huku mvuke ukipenya na kubeba kila kinachonuka. Joto la hatua hiyo huvuka nyuzi 200 za Selsiasi, na katika mitambo mingine hufika 250 na zaidi. Hapo ndipo mafuta yanapong'aa. Na hapo ndipo vinapozaliwa viumbe wawili ambao shambani hawakuwako, kwenye mbegu hawakuwako, wala hakuna mtu aliyewatia: esta za 3-MCPD na esta za glisidili.

Majina ni magumu, lakini asili yao ni rahisi. Mafuta yote ya kula ni gliseroli iliyoshikana na asidi za mafuta. Kukiwa na klorini kidogo tu ndani ya mafuta, hata ile iliyonyonywa na mmea kutoka udongoni, joto huiingiza kwenye gliseroli na 3-MCPD huzaliwa, ikiwa bado imevaa asidi za mafuta. Hiyo ndiyo esta. Ya glisidili haihitaji klorini. Inataka digliseridi, yaani mafuta yaliyopoteza asidi moja kati ya tatu, na joto la kutosha. Juu ya nyuzi 230 hivi hupanda kwa kasi. Mawese yana digliseridi nyingi kuliko mafuta mengi mengine, kati ya asilimia 4 na 12, kwa sababu tunda la mchikichi likipondeka au likilazwa muda mrefu kabla ya kuchemshwa, vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kuyavunja mafuta. Ndiyo sababu mawese yaliyosafishwa huongoza katika majedwali yote. Ni matokeo ya tunda lililocheleweshwa na tanuri lililozidishwa, na yote mawili yanarekebishika. Anayewaambia wasomaji wenu kwamba mawese "ni sumu" hajawasaidia lolote. Mawese mekundu ambayo hayajapita kwenye hatua ile ya kuondoa harufu, kwa kawaida, hayana vitu hivi au vimo kidogo mno.

Kwa nini tunavijali? Tumboni, vimeng'enya huvivua zile asidi za mafuta, na kinachobaki ni 3-MCPD yenyewe na glisidoli yenyewe. Ya kwanza, katika panya, hudhuru figo na uzazi wa dume. Ya pili ni mbaya zaidi: hugusa vinasaba, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Kwa kitu kinachogusa vinasaba, wataalamu hawaweki kiasi cha kila siku cha kusema hapa uko salama. Kwa 3-MCPD kiasi hicho kipo, na kina historia ya kuyumba. Mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2016 ilisema mikrogramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mwaka 2018 ikarudia hesabu yake ikafika 2. Kamati ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO), mwaka ule ule wa 2016, ilikuwa imesema 4. Wote waliangalia panya wale wale, kwa kiasi kikubwa, ila takwimu walizitafsiri tofauti.

Sasa vikomo, maana ninyi mliandika "kikomo" kana kwamba ni kimoja. Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2018, unaruhusu esta za glisidili zisizozidi mikrogramu 1,000 kwa kilo katika mafuta ya mimea anayouziwa mlaji, na 500 katika mafuta yanayokwenda kutengenezea chakula cha watoto wachanga. Kwa 3-MCPD, tangu Januari 2021, kikomo ni 1,250 kwa mafuta kama ya alizeti, soya, mahindi na nazi, na 2,500 kwa mawese, kisha 750 kwa mafuta ya chakula cha watoto. Yaani mafuta yenye 2,000 yanapita yakiwa mawese na yanakataliwa yakiwa alizeti. Habari yenu ya "mara tatu" ilikuwa mara tatu ya kipi?

Msomaji mwenye penseli anaweza kujaribu hesabu hii. Mtoto wa kilo 12, kwa kiwango cha sasa cha Ulaya, asivuke mikrogramu 24 za 3-MCPD kwa siku. Gramu 10 tu za mafuta yenye 2,500 kwa kilo humpa 25. Mafuta yamepita kihalali, mtoto amevuka. Mtu mzima wa kilo 60 ana nafasi ya 120, kwa hiyo gramu hizo hizo hazimfikishi hata robo. Ndiyo maana nikiona neno "salama" peke yake huuliza: kwa nani? EFSA yenyewe, katika tathmini ya 2016, ilipoangalia watoto wachanga wanaokula maziwa ya kopo peke yake, ilikuta kwamba glisidoli wanayopata inaweza kufika mara kumi ya kiasi ambacho kingeonekana cha wasiwasi mdogo.

Sasa nije kwenye chumvi.

Maabara niliyoanzia kazi siitaji, na kosa ninalolieleza ni langu. Siku moja mteja alitujia na vyeti viwili vya shehena moja ya mafuta. Chetu kilisema: 3-MCPD miligramu 3.1 kwa kilo, yaani mikrogramu 3,100, glisidoli haikugundulika. Cha maabara nyingine kilisema: 3-MCPD 1.6, glisidoli 1.0. Mkuu wangu alivisoma, akacheka kidogo, akasema wale wenzetu wanabembeleza wateja. Mimi nikakubali haraka kuliko ilivyonipasa.

Lakini usiku sikulala vizuri. Mafuta yenye 3-MCPD nyingi kiasi kile na glisidoli sifuri yanawezekana, maana vipo viwanda vinavyoyapitisha mafuta tena kwenye udongo wa kupaushia baada ya kuondoa harufu, na udongo huo huzitoa esta za glisidili ukiziacha za 3-MCPD pale pale. Mteja huyu, hata hivyo, hakuwa na hatua hiyo. Nilimuuliza.

Ili mwelewe nilichokuwa nakitafuta, nieleze tunavyopima. Esta hizi zipo za aina nyingi mno, kwa sababu kila asidi ya mafuta hutengeneza yake. Kuzihesabu moja moja kunahitaji mashine ya bei kubwa na maktaba ya kemikali za kulinganishia. Maabara nyingi huchukua njia ya mkato iliyo halali: tunazivua asidi za mafuta kwa kemikali, kisha tunahesabu kilichobaki uchi. Unapima sehemu moja ya kumi ya gramu ya mafuta. Unaongeza kiasi kinachojulikana cha 3-MCPD iliyotiwa alama, ambayo haidrojeni zake tano zimebadilishwa kwa haidrojeni nzito. Mimi humwita pacha mzito, kwa sababu popote anapopita mwenzake naye hupita, akipotea kidogo na mwenzake hupotea kidogo, na mwishoni mashine huwatofautisha kwa uzito, mmoja akisomeka 147 na mwingine 150. Kisha unamimina alkali. Ndani ya dakika chache asidi zote zimevuliwa. Unashika saa mkononi, kwa sababu alkali hiyo hiyo, ukiichelewesha, huanza kuigeuza 3-MCPD kuwa glisidoli, na hapo utakuwa unapima kosa lako. Muda ukifika unaizima kwa maji ya chumvi yenye asidi.

Chumvi gani? Hapo ndipo penyewe. Kila mafuta hupimwa mara mbili. Katika kipimo A unazima kwa chumvi yenye kloridi, karibu sawa na ile ya jikoni. Kloridi inaishika glisidoli na kuigeuza kuwa 3-MCPD, kwa hiyo namba unayopata ni jumla ya vitu viwili. Katika kipimo B unazima kwa chumvi isiyo na kloridi hata chembe, kama salfeti. Glisidoli haigeuki, unapata 3-MCPD peke yake. Toa B katika A, zidisha tofauti kwa kigezo kinachokaribia 0.67 (maabara makini hukipima yenyewe badala ya kukinakili), na hiyo ndiyo glisidoli.

Nilibadilisha kioo cha mdomo wa mashine. Nilifungua ampuli mpya ya pacha mzito. Nilisafisha chanzo cha ioni, kazi ninayoichukia, maana asidi ya feniliboroniki tunayoitumia mwishoni kuzifanya kemikali hizi zipae kwenye mashine huacha utando kila mahali. Nilirudia mstari wa vipimo vya rejea mara nne. Namba ikabaki 3.1 na sifuri. Wiki tatu zilipita hivyo, na mteja akipiga simu kila Jumatatu.

Siku ya mwisho nilikuwa naosha vyombo tu. Chupa ya maji ya kuzimia ya kipimo B ilikuwa mbele yangu, nikaichukua tone moja, nikalizimua kwa maji mengi, nikadondoshea nitrati ya fedha. Ni jaribio la mtoto wa sekondari. Likaganda mawingu meupe kama maziwa.

Kloridi. Kloridi kibao. Makopo mawili ya chumvi nyeupe yalikaa ubavu kwa ubavu kwenye rafu, na mkono uliojaza chupa ya B kutoka kopo la A ulikuwa wangu. Mwandiko kwenye lebo ulikuwa wangu pia, pamoja na tarehe. Kwa hiyo A na B zote zilikuwa A. Tofauti yake lazima iwe sifuri. Nikachukua zile namba za wenzetu nikapiga hesabu: 3.1 ukitoa 1.6 ni 1.5; zidisha kwa 0.67, unapata 1.0. Walikuwa wamepatia zote mbili. Mafuta yalikuwa na 1.6 ya 3-MCPD na 1.0 ya glisidoli, na mimi nilikuwa nimeandika cheti kilichoiongezea ya kwanza karibu mara mbili na kuifuta ya pili, ile inayogusa vinasaba, isionekane kabisa.

Kiswahili kinasema fulani ametia chumvi, maana yake amekuza habari. Sijui lugha nyingine yenye usemi unaonipata vizuri hivyo. Ila chumvi yangu ilifanya mawili kwa mpigo. Ilikuza na ikaficha.

Na mngesema kosa hilo lingekamatwa na sampuli ya kuhakiki, mafuta ambayo jibu lake linajulikana, ambayo hupimwa pamoja na ya mteja kila siku. Kweli. Kazi yake ndiyo hiyo. Ilikuwa imekwisha, oda mpya haijafika, na tuliambiwa tuendelee maana foleni ni ndefu. Mteja alipewa cheti kipya bila maelezo. Kile cha kwanza kilikuwa tayari kimeshapigiwa muhuri, kimenakiliwa, na kwa ninavyowajua watu, mahali fulani bado kinasomwa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yaliyonipata mimi kwa uzembe yaliwahi kuchanganya hata wakubwa. Esta za 3-MCPD zilipoanza kuripotiwa katika mafuta yaliyosafishwa, mwaka 2006 huko Prague, baadhi ya maabara zilizofuata zilitumia kloridi katika kuzima bila kujua kwamba kuna glisidoli inayogeuka humo. Namba zikatoka kubwa kuliko kweli, na esta za glisidili zikabaki zimejificha ndani yake. Mwaka 2009 kampuni ya Kao ya Japani iliyaondoa sokoni mafuta yake ya Econa kwa sababu ya esta hizo za glisidili, na dunia ya mafuta ikaanza kuzitazama kwa jina lake.

Leo njia zilizokubalika zipo, na zina namba. Ile niliyoieleza ni kiwango cha kimataifa cha ISO 18363, sehemu ya 1. Sehemu ya 2 huvua asidi polepole usiku kucha ndani ya friza, kwenye nyuzi 22 hadi 25 chini ya sifuri, ili alkali isipate nguvu ya kuharibu, kisha huzima kwa bromidi. Glisidoli inakuwa kitu chenye bromini kisichoweza kuchanganywa na 3-MCPD. Friza yetu ina karatasi mlangoni: USIFUNGUE. Bado hufunguliwa. Sehemu ya 3 hutumia asidi badala ya alkali, saa 16 kwenye nyuzi 40. Zote tatu zikifanywa vizuri hukubaliana. Zikifanywa vibaya kila moja hukosea kwa namna yake, na ndiyo maana namba ya njia ikikosekana kwenye cheti, mtu kama mimi hawezi hata kukisia kosa limeelekea wapi.

Kuna na sampuli yenyewe, ambayo magazeti huisahau kabisa. Mawese yakipoa hugawanyika: yaliyoganda chini, kimiminika juu, na esta hizi huelekea zaidi kwenye kimiminika. Mtu akichota juu ya pipa bila kupasha moto na kukoroga, amekwisha kuamua jibu kabla hatujawasha mashine. Nimeletewa mafuta ndani ya chupa iliyokuwa na kitu kingine, bado inanukia. Nikaikataa. Mwenye chupa alinuna.

Na hata namba nzuri ina upana wake. Nikiandika 1,180 na kutokuwa na uhakika kwa asilimia 20 juu na chini, ninachosema hasa ni kwamba thamani ya kweli yamkini iko kati ya 944 na 1,416. Kikomo cha 1,250 kimo humo ndani. Gazeti huchapa 1,180, "chini ya kikomo", habari imekwisha.

Sijagusa vichafuzi vingine, navyo vipo: mafuta ya madini kutoka kwenye grisi za mitambo au magunia yaliyolainishwa kwa mafuta ya aina hiyo, hidrokaboni za moshi zinazoingia pale mbegu au nazi inapokaushwa juu ya moto (hata mafuta yaliyokamuliwa baridi hayajasalimika na hizi), na mafuta mgeuzo (trans fats) ambayo joto lile lile la kuondoa harufu huyatengeneza kidogo kidogo. Kila moja ina mashine yake na njia yake. Mashine iliyoandaliwa kutafuta 3-MCPD haitakwambia lolote kuhusu mafuta ya madini. Haikatai yamo, haijaulizwa.

Kwa wanaodhani hili ni suala la wataalamu kujitafutia kazi, nikumbushe Uhispania mwaka 1981. Mafuta ya rapa yaliyotiwa anilini, kemikali ya viwandani, ili yasiliwe, yatumike viwandani tu, yalisafishwa tena na kuuzwa kama chakula. Watu zaidi ya 20,000 waliugua na zaidi ya 300 wakafa. Wakemia walipochunguza mabaki walikuta esta ambazo anilini imeketi kwenye gliseroli, mahali pale pale ambapo katika 3-MCPD hukaa klorini, na joto la kuondoa harufu ndilo linaloaminika kuzitengeneza. Hadi leo sumu hasa iliyoua haijathibitishwa bila shaka. Mafuta hayo yalikuwa yameondolewa rangi na harufu. Mezani yalionekana mafuta.

Viwanda vinaweza kupunguza, na vimepunguza. Tangu 2019 kuna mwongozo wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, wa kupunguza vitu hivi, na mengi ndani yake si miujiza: tunda lifike kiwandani mapema, mafuta ghafi yaoshwe kwa maji ili klorini iondoke kabla ya moto, udongo wa kupaushia usiwe ule uliowashwa kwa asidi ya haidrokloriki, moto upunguzwe na ombwe liongezwe. EFSA iliona kwamba esta za glisidili katika mawese zilishuka kwa nusu kati ya 2010 na 2015, wakati hakuna sheria iliyokuwa imelazimisha bado. Mwenye kiwanda anayejitahidi hivyo anastahili kipimo cha haki. Maabara ikimtilia chumvi, amepotezewa jasho lake. Ikimfichia mwenzake asiyejali, tumepotea wote.

Narudi kwenye picha yenu ya Jumamosi. Nimeitazama kwa lenzi. Mhuri upo, sahihi ipo, na mstari mmoja wa majibu: "Kloropropanoli: ndani ya kikomo." Kloropropanoli ni ukoo mzima ambamo 3-MCPD imo. Namba ya njia haipo. Kiwango chenyewe hakipo. Glisidoli haikutajwa, wala haijulikani aliyechota sampuli ni nani na alichota wapi. Kile cheti cha kwanza, cha "mara tatu", hamkukichapa kabisa, kwa hiyo nacho siwezi kukitetea.

Nawaomba mwandishi wenu arudi kwenye maabara zote mbili na swali moja tu, ambalo halihitaji shahada: kipimo cha pili mlikizima kwa chumvi gani? Anayeifanya kazi hii kwa mikono yake atajibu hapo hapo, amesimama. Akijibiwa kwamba swali hilo lipelekwe kwa meneja wa mawasiliano, chapeni hivyo hivyo.

Mkemia wa mafuta
(Jina na anwani vimehifadhiwa kwa Mhariri)